Wabebaji wa Ukurasa wa Saba

Jumatatu ya pili ya muhula, saa mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Mavis Embogo aliwaketisha watoto thelathini na mmoja jamvini, akawafuta kamasi wale wa mbele, kisha akafungua kitabu cha picha kilicholetwa kutoka Australia ili watoto wa kijiji cha Ambeho, huko Papua, wajifunze habari za vita vilivyopita mlangoni kwao. Kitabu kilikuwa kizuri, hakuna wa kubisha. Kilimhusu askari kijana aitwaye Jack, aliyepigwa risasi ya paja huko milimani wakati wa kupigana na Wajapani, na mbwa wake Biskuti. Kwenye ukurasa wa saba, wanaume wanane wa Kipapua walikuwa wamembeba Jack kwa machela, wakipanda mlima wa tope huku mvua ikinyesha, wamempa msomaji migongo. Chini ya picha pameandikwa: Wenyeji wema walimbeba.

Mavis alipofika hapo, wale wanane wakatua machela, wakageuka.

"Mwalimu, huyu ana pua ya baba," mtoto mmoja akasema.

"Kaa chini, unawaziba wenzako."

Aliyekuwa mbele, mrefu mwenye masikio mapana, akakohoa kidogo. "Binti, utuwie radhi, hatuendi mbele. Jack kaandikwa jina. Mbwa kaandikwa jina. Sisi tunapanda mlima huu tangu kitabu kichapwe, na anayepanda hajulikani ni nani."

Mavis aliona wana haki. Akatoa kalamu. "Haya, nitajieni."

Wakatazamana, wakacheka kwa haya. Ambeho mtu hajitaji jina mwenyewe. Hutajwa na wengine, kama ambavyo hajinyoi kisogo. Nao wenyewe hawakuweza kutajana, maana wakati wa vita jeshi liliwazoa kila mmoja kijiji chake, na miezi yote ile waliitana Bega la Kulia Mbele, Bega la Kushoto Nyuma, kwa mahali pa kushikia machela.

Saa nne, kengele ya mapumziko ilipolia, wakatoka kitabuni wakakaa kwenye benchi la nyuma. Waliacha tope sakafuni, na zamu ya kufagia ilikuwa ya safu ya pili, ambayo ilinung'unika sana. Habari ikasambaa hadi vijiji vya jirani. Watu wakaja na magimbi ya nazi na popoo za kutafuna, wakawakagua wageni wao kuanzia miguuni hadi utosini.

"Huyu ni babu yetu upande wa mama," mmoja akasema. "Tazama anavyokula. Haachi kitu."

"Kwani wewe unaacha?" akaulizwa.

Kufikia Jumatano, wabebaji saba walikuwa wameshatajwa na jamaa zao, na Mavis ameshawaandika chini ya picha. Kila siku saa saba walirudi kitabuni. Hawakupenda kumwacha kijana wa watu peke yake kwenye mvua, ingawa Jack mwenyewe hakulalamika. Aliomba sigara tu, akaambiwa hapa ni shule.

Akabaki yule mwenye masikio. Hakuna aliyemjua. Mwenyewe alisema alichukuliwa na jeshi akiwa kijana, akafia huko juu, na kaburi hana. Machela hainyanyuliwi na watu saba, kwa hiyo hadithi ikakwama palepale. Watoto wakaanza kuulizana kama Jack atapona. Mavis naye alikosa raha, kwa maana alimwona yule bwana akiwatazama wenzake wakiitwa kwa majina, na kila jina likiitwa, naye anainua kichwa.

Alhamisi akaja Bibi Rufina na fimbo yake. Bibi Rufina alikuwa na miaka themanini na ushee, na kijiji kizima kilimwogopa kidogo. Alichungulia mlangoni, akamwona yule bwana, na papo hapo akamgeuzia mgongo.

"Unamjua, Bibi?" Mavis akauliza.

"Masikio yale nimelala nayo kitanda kimoja miaka hamsini na zaidi. Ni baba wa marehemu mume wangu."

"Basi mtaje, Bibi, niandike."

"Mavis, una akili wewe? Mkwe hatajwi."

"Lakini hamjapata kuonana. Yeye alikufa wakati mumeo bado anatambaa."

"Na kutoonana kumemfanya asiwe mkwe?"

Mavis akarudisha kalamu mezani. Bwana yule naye, kwa adabu, alikuwa ameshageukia ukutani.  Jina lile Bibi Rufina alilitunza tangu alipoolewa, na mumewe alipokufa hakubaki mwingine anayejua lilikuwa la nani. Aliogopa kufa nalo, alilisema hilo waziwazi, tena mbele ya watoto.

Kisha akakanyaga jamvi, akawapita watoto mmoja mmoja hadi kwa kitukuu wake wa kike, mnene mnene, ambaye tangu azaliwe alimwita We Shibe wala si vinginevyo. Watu walidhani ni utani wa bibi. Akamwekea mkono kichwani.

"Somo wa mkwe wangu ni huyu. Jina kampa marehemu mume wangu. Haya, semeni ninyi anaitwaje."

"Jovari!" watoto wakapaza sauti, isipokuwa mwenyewe, ambaye alikuwa na adabu.

Mavis akaandika Jovari, jina la nane. Yule bwana akajifuta macho kwa kiwiko. Bibi Rufina akamtengea gimbi benchini bila kumtazama, akaenda zake akiimba. Baada ya mapumziko wanane wale wakanyanyua machela, wakaingia ukurasa wa nane. Jack akapona. Watoto wakapiga makofi mpaka darasa la jirani likaja kuuliza kuna nini.

Mavis akawaandikia barua watu wa kitabu kule Australia, akawatumia majina yote manane kwa ajili ya toleo la pili. Baada ya miezi sita yakaja maboksi mawili ya vitabu na barua ya upole. Walishukuru sana. Walisema kitabu kinapendwa, nakala elfu kumi na mbili zimeshaingia mashuleni. Majina waliyatafuta katika kumbukumbu za jeshi hawakuyaona, kwa hiyo wameona heri kuacha kama ilivyo. Mavis alisoma barua ile mara mbili, ikamuuma kweli. Akaikunja, akafungua nakala mpya ukurasa wa saba. Wanane wakatua machela, wakageuka.

Alikuwa na nakala arobaini. Akawagawia watoto penseli, akaandika majina manane ubaoni, nao wakaanza kunakili ndimi zikiwa nje.

"Na huko kwingine, Babu?" Mavis akauliza. "Kwenye hizo elfu kumi na mbili?"

"Huko tumesimama tu, binti," Jovari akasema. "Mvua inatunyeshea."

Kisha akainama kushika machela, kwa sababu yule mtoto mnene alikuwa ameshamaliza kumwandika.