Mpapai kwa Mkorosho

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuja Newala na malori yao, wanaume walishikwa na wazimu wa korosho. Erasto naye hakukubali kuachwa nyuma. Alinoa shoka, akatangaza kwamba miti yote ya nyuma ya nyumba iondoke, mipapai, mipera na michungwa, apate nafasi ya mikorosho. Eti matunda yale yanashibisha ndege tu.

Ndege! Anjelina, mkewe, alikuwa anamenya muhogo. Aliweka kisu chini taratibu.

Ndege wenyewe walikuwa Julia, binti yao. Mwaka uliotangulia, jua likizama tu mtoto alikuwa haoni. Anapapasa ukuta, anakanyaga majivu ya moto. Majirani wakasema karogwa. Anjelina akapanda naye lori hadi hospitali ya Ndanda, na muuguzi akamwambia wazi: huyu analishwa ugali wa muhogo mtupu. Wakampa dawa, wakamwagiza mama amlishe mapapai, maembe na mboga za majani. Macho yakarudi. Erasto aliliona hilo kwa macho yake mwenyewe, kisha akalisahau, maana halikuwa na bei.

"Baba Julia, miti yangu usiiguse."

"Tukiuza korosho tutamnunulia dawa."

"Dawa si ile imesimama pale?"

Erasto alipoona ameshindwa, akamleta Mjomba Silvano, kaka wa marehemu mama yake Anjelina. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa kina Anjelina, na neno la mjomba lilikuwa zito.

"Shikamoo, mjomba," Anjelina alimwamkia.

"Marahaba." Mzee alizunguka shamba, akatikisa kichwa. "Bakiza mpapai mmoja, mwanangu. Mingine ikatwe. Wenzenu wanatajirika."

"Mmoja hautoshi, mjomba. Papai ni la macho. Mapera na machungwa ndiyo yaliyomponya fizi zilizokuwa zikitoka damu. Tena kila mti una msimu wake, huu ukipumzika ule unazaa. Mkiniachia mmoja, miezi mingine mtoto ale nini? Korosho zenyewe mnauza zote."

"Mwanamke huyu ana mdomo," Erasto alisema, akaupiga shoka mpapai mkubwa. Mpapai hauna ubishi, shina lake ni laini. Ulianguka na matunda yake mabichi.

Anjelina hakulia. Hasira ilimpanda. Aliingia jikoni, akatoka na shoka lake la kuni, akaenda moja kwa moja kwenye mkorosho mchanga ambao Erasto alikuwa ameupanda kando ya shamba, ulioanza kutoa maua, akaukata mpaka ukalala.

"Mama Julia, una kichaa? Hiyo ni pesa yetu!"

"Kata mwingine," alisema akihema. "Nami nakata mwingine. Tuone nani atachoka."

Erasto alimgeukia mjomba. Mzee alimtazama mpwa wake, akaona hatanii.

"Weka shoka chini, mkwe," alimwambia Erasto.

"Na mkorosho wangu je?"

"Umeshaanguka," Anjelina akamjibu. "Kesho napanda mpapai hapo hapo. Na maji ya kuumwagilia utayafuata bondeni wewe."