Neno Lililobaki kwa Gachanja

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Kwa Gachanja mambo yalienda kinyume: kichwa ndicho kilichouponza mdomo, na mdomo nao ukamponza asiyekuwa na hatia.

Alianguka kutoka juu ya lori la kahawa katika shamba moja karibu na Ruiru, akaangukia upande wa kushoto wa kichwa. Alipozinduka hospitalini Thika, mkono wake wa kulia ulining'inia kama wa kuazima, na kinywani mlikuwa mmebaki maneno mawili tu: "Ndiyo, bwana." Akipewa maji, ndiyo bwana. Akiulizwa anaumwa wapi, ndiyo bwana. Mkewe Waceke alidhani amerukwa na akili, akalia hadi macho yakavimba.

Idarous, dresa aliyefunga vidonda katika wodi ile, alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Alimketisha Waceke kwenye benchi, akachukua punje moja ya maharagwe katika githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aliyomletea mgonjwa, akaiambua ganda, ikaachana vipande viwili. Ubongo uko hivyo, alimweleza, pande mbili ndani ya fuvu. Wa kushoto unauendesha mkono wa kulia, wa kulia unauendesha wa kushoto, na kwa nini Mungu akavusha kamba namna hiyo, yeye hajui. Nyuma kisogoni kuna sehemu ndogo inayomzuia mtu asiyumbe. Chini yake kuna shina linaloshika pumzi na mapigo ya moyo hata mtu akilala. Maneno nayo, kwa watu wengi, hukaa kushoto, tena mahali pawili, pa kuyaelewa na pa kuyatoa. Gachanja ameumia pale pa kuyatoa.

"Kwa hivyo akinisikia anaelewa?" Waceke akauliza.

"Anaelewa, mama. Hata anachotaka kusema anakijua. Lakini kikifika mdomoni kinatoka kile alichokizoea zaidi."

Waceke hakuhitaji kuambiwa alikizoea wapi. Miaka yote ile, mbele ya nyapara na mbele ya mzungu wa shamba, hayo ndiyo maneno yaliyowalisha.

Nyumbani, alijifunza ndiyo za mumewe jinsi mama anavyojifunza vilio vya mtoto. Ya njaa ilikuwa fupi. Ya kushiba ilishuka taratibu. Ya kukataa ilikuja na kichwa kinachotikisika kwa nguvu huku mdomo ukikubali, na siku nyingine iliwachekesha wote wawili. Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni na wote waliowaunga mkono. Mwana wao wa pekee, Mburu, alikuwa tayari kizuizini, na katika kijiji chao kilichozungushiwa handaki kila mtu alijua ataitwa siku moja aulizwe kama amekula kiapo cha siri cha wapiganaji hao. Mtu ambaye hana jibu lingine ila ndiyo angeponea wapi?

Waceke akaamua kumfundisha kunyamaza. Jioni alimfunika mdomo kwa kiganja, akamwuliza, "Umekula kiapo?" na Gachanja akatikisa kichwa. Baadaye akakiondoa kiganja, akauliza tena, na mdomo ukatulia. Alimshukuru Mungu, masikini, mapema mno.

Walipoitwa uwanjani, walimkuta afisa kijana wa kizungu nyuma ya meza, na kando yake homugadi wa kijiji, mgambo aliyekuwa akimtafsiria. Gachanja aliulizwa, akaibana midomo, akatikisa kichwa. Homugadi akamchoma rungu mbavuni na kumwambia ajibu kwa mdomo. Hofu haijui mafunzo.

"Ndiyo, bwana," akasema, kichwa kikikataa.

Waceke alijitupa mbele. Alieleza habari ya lori, ya upande wa kushoto, ya mahali pa kutolea maneno, akaomba mumewe aulizwe jambo lolote la uongo. Afisa akamwuliza Gachanja kama yeye ndiye Gavana. Ndiyo, bwana. Askari wakaangua kicheko, na Waceke akashusha pumzi.

Afisa hakucheka. Alitaka kujua mwanamke wa shamba asiyejua hata kusoma amejulia wapi mambo ya ubongo. Homugadi akainama, akamnong'oneza kwamba majirani humsikia mama huyu kila jioni akitaja kiapo. Afisa akamgeukia Gachanja tena.

"Mkeo ndiye anayewalisha watu kiapo?"

Gachanja alitikisa kichwa mpaka kofia ikamwanguka. Alijipiga mdomo kwa mkono wa kushoto, mkono uliobaki mzima, lakini maneno yalimpita.

"Ndiyo, bwana."

Hivi punde tu ndiyo yake ilikuwa ya kuchekesha watu. Sasa ikawa ushahidi.

Waceke alipandishwa kwenye lori lililoelekea Thika. Gachanja alilifuata huku akiburuta mguu, akipaza sauti kwa maneno yale yale, hadi walipomzuia langoni.

"Nimesikia, Baba Mburu," Waceke alimwambia kwa sauti. "Nimesikia umekataa."

Hakuililia nafsi yake. Aliililia jioni ile na jioni zitakazofuata. Jirani mwenye huruma, asiyezijua ndiyo zake, atamletea Gachanja bakuli, atamlisha kijiko kimoja au viwili, kisha atamwuliza kama ameshiba. Naye atasema ndiyo.