Bibi wa Dera la Kijani

Mimi sina haya ya kusema. Utingo akinizidishia nauli nitamwambia, na mwenye duka akinipunja unga nitamrudisha kwenye mizani yake mbele ya watu. Lakini kuna jina moja ambalo tangu niolewe halikuwahi kutoka kinywani mwangu, nalo ni jina la mavyaa wangu, mama wa mume wangu Aqil. Kwetu mke hamtaji mama wa mumewe kwa jina. Sasa fikiria shida yangu alipozaliwa binti yetu, na Aqil, kwa furaha zake, akampa jina la mama yake.

Nikamwita Bibi. Ningemwitaje? Aqil naye haoni vizuri kumkemea mtoto kwa jina la mzazi wake, akawa anamwita Mama. Mavyaa akamwita Somo, kama wanavyoitana watu wenye jina moja, na mtoto akamjibu Somo vilevile. Maisha yakaenda, na nyumba yetu hapa Kisauni ikawa na raha yake. Mavyaa na mjukuu wake walikula sahani moja, walilala mkeka mmoja, na mwezi wa mkasa huu mavyaa alikuwa ameshona madera mawili ya kijani ya kitambaa kimoja, kubwa na dogo. Mimi sikushonewa. Nilisema, nikaambiwa nina mume.

Siku yenyewe mavyaa alivaa dera lake, akajitanda leso, akaenda Mikindani kumtazama shoga yake mgonjwa. Mtoto alikuwa amelala mchana na dera lake mwilini, maana alikuwa amegoma kulivua. Nami baada ya Alasiri nikapanda juu ya nyumba kuanika nguo. Kulikuwa na upepo mzuri, nikaanika polepole huku naimba. Nilipoteremka, mkeka ulikuwa mtupu na mlango wa nje uko wazi. Muuza maji alikuwa ameingiza madumu akatoka bila kuurudisha.

Nilitazama chooni, chini ya kitanda, nyuma ya mapipa. Nikaingia kwa majirani bila hodi. Hayupo. Nyuma ya nyumba yetu kuna kisima cha zamani kilichofunikwa bati. Mbele, ukishamaliza kichochoro, ni barabara ya Malindi na malori yake. Mtoto wa miaka minne angeweza kwenda huku au huku, na mimi nilikuwa nimesimama katikati, sijui nianze wapi.

Nikakimbilia msikitini. Mzee Mwinyihaji, muadhini wetu, alikuwa barazani.

"Mzee, Bibi kapotea!"

"La haula! Tangu lini?"

"Sasa hivi! Mimi nilikuwa juu naanika nguo, nateremka simuoni."

"Kavaa nini?"

"Dera la kijani."

"Ndilo nililomuona nalo asubuhi, maskini," akasema, akainuka kwenda kwenye kipaza sauti.

Ningetulia kidogo tu ningejiuliza amemuona wapi mtoto aliyekuwa ndani kutwa. Sikutulia. Nilikuwa nimeshakimbilia kisimani, nimelivuta bati, nimelala kifudifudi naita, "Bibi! Bibi!" Sauti yangu ikanirudia. Maji yalikuwa meusi, hayatikisiki, na mimi sikujua kama huko kutotikisika ni habari njema au mbaya. Hapo ndipo tangazo liliposikika mtaa mzima.

"Jamaa, Bibi wa nyumbani kwa Bwana Aqil ametoka tangu Alasiri na hajulikani aliko. Amevaa dera la kijani. Atakayemuona amshike mkono, amlete msikitini. Na tumfanyie upole, jamaa. Uzee ni mtihani."

Hilo la uzee lilinipita. Nilisikia Bibi, nikasikia kijani, nikamshukuru Mungu.

Watu wa Kisauni wana maneno mengi lakini wana moyo. Maduka yalifungwa nusu, vijana wakaingia vichochoroni, wanawake wakatoka na mabuibui yamekaa upande. Niliporudi msikitini, Kaingu wa bodaboda alikuwa anaegesha, na nyuma yake amekaa mama mmoja mtu mzima, dera la kijani, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mama, nimempata!" Kaingu akaniambia. "Alikuwa akataa, lakini nimembembeleza."

"Mwanangu," yule mama akasema, "mimi naenda zangu harusini. Kijana huyu aniambia nimepotea. Nimepotea vipi, na nyumba yangu naiona?"

"Huyu si Bibi," nikasema.

"Dera si la kijani?"

"Kaingu! Bibi ana miaka minne!"

Kaingu akavua kofia yake ya pikipiki, akamtazama Mwinyihaji, Mwinyihaji akanitazama mimi. Kabla hajasema mtu, ikaja pikipiki ya pili. Juu yake, amebanwa kati ya dereva na kijana aliyemshika mabega asianguke, alikuwa mavyaa wangu mwenyewe, leso imeshuka, uso umeiva kwa hasira.

"N'nani alosema nimepotea?" akauliza kabla hajateremka. "Nashuka garini nakuja zangu, wanizunguka, waniambia nisiogope. Nisiogope! Eti uzee mtihani. Mwinyihaji, baina yangu na wewe, mzee n'nani?"

Mwinyihaji akatazama viatu vyake. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile nililia.

"Mama, si wewe. Ni Bibi. Ni somo wako, simuoni."

Hasira yote ikamtoka usoni mara moja. Alinishika mkono.

"Kisima umekitazama?"

"Nimekitazama."

"Haya. Twende barabarani."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Aqil, anatoka bandarini kazini, habari zimeshamfikia. "Mama yuko wapi?" akawa anapiga kelele. "Mama yuko wapi?" Hata sikujua anauliza mama yupi, na sikuwa na moyo wa kumfafanulia. Nikamwambia aje.

Barabara ya Malindi ilikuwa imejaa. Watu wa kutoka kazini, mikokoteni, malori, na juu yake wale wote waliotoka kumtafuta mama mtu mzima. Nikaanza kuita, "Bibi! Bibi!" Kila mwanamke aliyepata wajukuu akageuka. Mmoja akaniambia, "Nambie, mwanangu."

Mavyaa akanivuta kanga. "Hapa mabibi ni wangapi? Mwite jina lake."

"Mama, siwezi. Wewe upo hapa."

"Nimekupa ruhusa mimi. Mwite!"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko hata kule kisimani. Mtoto mwenyewe hakuwahi kuitwa hilo jina. Mimi nilikuwa nalikwepa, baba yake analikwepa, nyanya yake ana lake la mapenzi. Tulikuwa tumemwekea jina lake kama vyombo vya kabatini vinavyongoja wageni, na sasa nimwite kwalo, ataitikaje? Lakini sikuwa na jingine. Mara ya kwanza lilitoka dogo, mimi mwenyewe sikulisikia. Mara ya pili nikafungua kifua.

"Mwanakheri!"

Lori likapita. Hakuna mtoto aliyejibu.

"Mwanakheri!"

"Abee!"

Sauti iliitika nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa mavyaa. Hakuwa ananidhihaki, lilikuwa limemponyoka, tena kwa sauti ya juu, nyembamba, ya msichana anayeitwa na mamake kutoka uani. Mamake alikufa zamani, na mumewe alikufa kabla sijaolewa. Tangu hapo amekuwa Mama, Bibi, Mama Aqil, na hakuna aliyebaki wa kumwita jina lake. Akaweka mkono mdomoni. Tukatazamana, na kwa nukta ile nilimpenda yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumpenda.

Kisha kutoka ng'ambo ya barabara, katikati ya watu, ikaja sauti ninayoijua hata nikiwa usingizini.

"Somo! Yule pale Somo!"

Alikuwa amebebwa mabegani na mwanamke nisiyemjua, dera la kijani limejaa vumbi, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, karoti mkononi. Sikungoja njia iwe wazi. Kaingu, aliyekuwa ametufuata, ndiye aliyesimama katikati ya barabara, mikono juu, akazuia magari. Nilimchukua mwanangu, nikamnusa kichwa, nikamkaza mpaka akalalamika kuwa namvunjia karoti.

Yule mwanamke aliitwa Mwikali. Alikuwa mgeni, ndiyo kwanza amefungua kibanda cha mboga karibu na stendi.

"Msidhani nimemuiba, jamani," akasema, machozi yanamlengalenga. "Amekuja peke yake. Nikamuuliza unaitwa nani, anasema Bibi. Unataka nini, anasema namtaka Somo. Sisi kwetu somo ni la shule. Nikasema haya, huyu ametoka madrasa, anapenda masomo. Halafu nikasikia tangazo, kuna bibi wa dera la kijani amepotea. Nikaangalia dera la mtoto. Nikasema kumbe ni nyanya yake! Nikafunga kibanda, nikamwambia twende tumtafute. Tumezunguka huku kote tukimtafuta."

Kumbe mtoto aliyepotea alikuwa ndani ya msafara wa kumtafuta aliyepotea, na ndiye aliyekuwa anaongoza. Yeye mwenyewe hakuwa na shaka juu ya mambo yalivyokwenda. Alimshika nyanya yake shavu kwa mkono wenye karoti.

"Somo, ulipotea," akamwambia. "Nimekupata mimi."

"Umenipata, mwanangu," mavyaa akasema, na leso ikamfaa kwa kufutia macho.

Jioni ile Mwikali alikula kwetu, na Aqil aliwakumbatia Mama zake wawili, mkubwa na mdogo, kwa zamu. Mwinyihaji alileta halua ya kuombea radhi. Mavyaa aliipokea, ila alimwambia kwamba halua ngumu kama ile ni mtihani kwa mzee. Mlango wa nje sasa una komeo juu, na muuza maji tumeshaambiana yetu.

Na mtoto namwita jina lake, ni amri ya mavyaa. Ulimi ulikuwa mzito siku za mwanzo, ukazoea. Chakula kikiiva nasimama mlango wa jikoni naita, "Mwanakheri!" Wa nje huitika "Abee!" akaja mbio na miguu michafu. Na wa chumbani naye huitika, polepole, kwa ile sauti yake ya usichana. Sijawahi kumwambia kwamba sikumwita yeye.