Mwanamke Asiyejulikana

Mwatima alikuwa na hofu tangu walipopanda ngazi za makumbusho yale ya watu weusi, vyumba viwili tu juu ya duka la viatu kule Brixton. Hakutaka kuja. Lakini Hansa, mtoto anayemlea, alipewa kazi ya shule, na mama yake hakuwa mtu wa kumwacha binti azurure London peke yake. Yaya atampeleka! Yaya ambaye kibali chake kiliisha zamani, na ambaye familia ya Bwana Rasik, tangu ilipohama naye kutoka Mombasa mwaka sitini na nane, ilimwonya kila siku asizungumze na watu, asije akakamatwa na kurudishwa kwao. Walimwonya kwa wema, eti. Nao walijua fika kwamba yaya asiye na kibali haombi likizo.

Basi, kwenye ukuta wa chumba cha pili akajiona pichani. Ni yeye hasa, uwanja wa ndege, kanga kichwani, koti la kuazima, Hansa mdogo kiunoni. Chini pameandikwa: “Mwanamke asiyejulikana.”

“Shikamoo, mama.”

Kijana mwenye beji ya makumbusho alikuwa amesimama nyuma yake.

“Marahaba,” akajibu, kisha akatamani kulimeza neno lenyewe. Tangu lini Mpemba akaamkiwa akanyamaza?

“Nilijua tu u mtu wa kwetu!” kijana akafurahi. “Naitwa Faustine, natoka Bukoba. Na huyu wa kwenye picha ni wa kwetu pia, tazama kanga yake. Tunatafuta jina lake tuliandike. Mnamfahamu?”

Akaitazama picha, akamtazama Mwatima, akairudia picha.

Mwatima akamgeukia Hansa, akimwomba kwa macho asimwite yaya.

“Hatumjui,” Hansa akasema. “Na huyu ni jirani yetu tu, kanisindikiza.”

“Aa, samahani sana, mama,” Faustine akasema, akawaacha.

Kwenye kituo cha basi Mwatima alitazama nyuma kama wanafuatwa. Amesalimika. Mtoto aliyemlisha, akamwogesha, akakesha naye alipougua surua, amemwokoa bila kufundishwa na mtu.

“Nimesema vizuri, yaya?”

“Vizuri sana, mwanangu.”

Lakini hofu haikumtoka. Mtoto hakusita hata kidogo. Siku polisi wakibisha hodi kweli, nyumba nzima itamkana vivyo hivyo, kwa urahisi ule ule.