Mistari Miwili ya Chini

Barua ya wifi yangu niliipokea mwenyewe tarehe tatu, saa tisa na nusu alasiri, mkoba ukiwa tayari begani. Wifi alikuwa anauza nyanya sokoni, meza ya mwisho, ubavuni mwa ukuta wa halmashauri. Aliandika kwamba ukuta umepasuka na umeanza kuinama.

"Wifi, isije ikalala humu," aliniambia.

"Hailali. Nenda nyumbani."

Nikagonga muhuri, nikafungua daftari la barua zinazoingia. Ukurasa ulikuwa umejaa, imebaki mistari miwili ya chini. Nikaandika hapo, maana nilikuwa mbioni kumchukua mwanangu wa mwisho shuleni na sikutaka kuanza ukurasa mpya.

Hapo ndipo nilipokosea. Katika masjala yetu ya halmashauri mistari hiyo miwili haijazwi. Kwa miaka kumi na moja niliyokaa pale, kila ukurasa tumeiacha wazi kwa ajili ya wenzetu. Mtu kachelewesha ombi la likizo, mwingine ripoti yake ilitakiwa wiki iliyopita. Anakuja dirishani na tabasamu, nami nazungusha tarehe ya muhuri kurudi nyuma, barua yake inapata pa kukaa. Sikuwahi kupokea hata soda. Niliuita utu. Nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, imetundikwa sebuleni, wanangu wanaifuta vumbi.

Barua ikaenda kwa mhandisi, tunayemwita Nipo Njiani, maana ndilo jibu lake kwenye simu hata akiwa kitandani. Ikakaa mezani kwake siku kumi na sita. Tarehe kumi na tisa asubuhi ukuta ukamwangukia wifi. Mguu ukavunjika mahali pawili.

Nipo Njiani akasema hajaona barua yoyote, na kwamba wifi ndiye aliyeegemeza makreti yake ukutani mpaka ukalegea. Sheria ya soko ni fupi: anayeharibu jengo ananyang'anywa meza. Na meza ile ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wanne tangu kaka yangu afariki.

Kamati iliyoundwa kusikiliza shauri hilo ilikuwa ya watu watatu, chumba kidogo, feni moja. Niliingia na daftari kifuani kama nimebeba mtoto mchanga.

"Barua iliingia tarehe tatu," nikasema. "Muhuri huu, mwandiko wangu huu."

Mwenyekiti alikuwa afisa utumishi. Kidole chake kikateremka ukurasani hadi chini kabisa, kikasimama.

"Mstari wa chini."

"Ndiyo. Ukurasa uliishia hapo."

"Mama, tusidanganyane. Mistari hii ni ya nini humu ofisini?"

Nipo Njiani, aliyekuwa amekaa kando, akacheka kwa pua.

"Na aliyeandika barua ni nani wako?" mwenyekiti akaendelea.

"Wifi yangu."

"Haya basi."

"Lakini mara hii ni kweli!" nikasema. Nilijisikia mwenyewe nilivyosema. Mara hii. Karani wa kamati akaandika.

Hasira zikanipanda. Nikafunua kurasa za nyuma. "Na hii ripoti yako, mheshimiwa? Tarehe kumi na mbili, mstari wa chini. Ilikuwa Jumapili. Ofisi ilifunguliwa na nani?"

Mwenyekiti hakukasirika. "Ripoti niliandika mimi," akasema taratibu. "Muhuri nani aligonga?"

Ijumaa zikapita masjala bahasha mbili. Ya kwanza onyo langu. Ya pili ya wifi: meza apewe mwingine. Nilizisajili zote mbili, kisha ya wifi nikampelekea mwenyewe hospitalini. Alisoma, akaikunja ndogo sana, akaiweka chini ya mto.

"Si uliniambia hailali?"

Nilimmenyea chungwa. Hakulila.

Jumatatu Nipo Njiani alikuja dirishani, tabasamu lile lile, mkononi ripoti ya ukaguzi wa ukuta ambayo alipaswa kuileta mwezi uliopita.

"Mama yangu, nirudishe nyuma kidogo tu. Tarehe mosi inatosha."

Nikamgeuzia daftari aone. Mistari ya chini ya kila ukurasa nilikuwa nimeipiga kalamu nyekundu, mpaka mwisho wa daftari.

"Kumbe!" akasema. "Utakatifu umeuanza lini?"

"Nimechelewa," nikamjibu, nikagonga tarehe ya leo.