Fundi Vidole

"Kata," alisema shemeji yake kutoka upande wa pili wa gari. "Hiyo nati haitoki leo wala kesho. Kata bomba, tuendelee na maisha."

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari la michezo la kizamani, jekundu, fupi, la injini nyuma, huku oili nyeusi ikimdondokea shingoni. Ametia spana mbili: moja imeshika mdomo wa alumini ambamo bomba huingia, nyingine inahangaika na nati. Alumini ni kama mtu mpole. Ukiilazimisha haipigi kelele, inavunjika tu. Mwishowe akakubali yaishe, akachukua msumeno, akalikata bomba, kisha akaipasua nati ubavuni kwa patasi, kidogo kidogo, mpaka ikaachia. Mdomo wa alumini ulisalimika.

"Umeona? Nikisema mimi unanuna. Angesema dada yangu, ungekata tangu asubuhi."

"Dada yako ana akili. Wewe ulirithi mdomo tu."

Wakacheka. Walikuwa wakitaniana hivyo tangu fundi alipomwoa dada mtu na kumfundisha kazi mdogo wake, na sasa gereji ilikuwa ya wote wawili.

Mabomba yenyewe yalikuwa yameoza. Oili ya gari lile hutoka kwenye tangi lililo nyuma, hupita chini ya milango hadi rejeta ndogo ya mbele ili ipoe, halafu hurudi. Safari ndefu kwa mipira iliyozeeka. Mpira mmoja ulikuwa unavuja juu kabisa ya ekzosi, na mwenye gari, mama mmoja mshonaji, alikuwa akizunguka mjini huku moshi ukimfuata kama mchumba aliyekataliwa. Watu walimcheka. Fundi hakucheka, maana oili ikimwagika juu ya ekzosi inayowaka, kinachofuata si moshi tena.

Jina lake la kazini lilikuwa Vidole. Alipewa na mafundi wenzake enzi za ujana, kwa kuwa aliweza kupenyeza mkono mahali ambapo jicho halifiki, akagusa nati, akakuambia inataka spana namba ngapi na kama imelegea. Wengine walitafuta tochi na vioo, yeye alifumba macho. Wateja walikuja wakimuulizia Vidole, si gereji.

Na sasa vidole vilikuwa vimekufa. Ganzi ilianzia kwenye ncha wakati wa mvua zilizopita. Akadhani ni baridi, akasugua, akachua kwa mafuta ya moto, nayo ikazidi kupanda. Daktari alimwambia mishipa ya fahamu ikishakufa hairudi, akamwandikia vidonge vya kuzuia mabaki yasiende. Siku hizi mkewe ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati, mlango wa chumba ukiwa umefungwa ili watoto wasione.

"Mwambie mdogo wangu," mkewe alimsihi asubuhi ile. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nikimwambia, mimi nitakuwa nani?"

Mkewe akamalizia kifungo cha juu, akamnyoosha kola. Fundi aliondoka nyumbani na swali lile lile moyoni.

Kulikuwa na desturi pale gerejini, na ni yeye aliyeianzisha. Nati ya bomba la oili haianzwi kwa spana. Inaanzwa kwa vidole vitupu, tena kwa kurudi nyuma. Unaizungusha kinyume, taratibu, mpaka uhisi inajidondosha kidogo, jino limeupata mwanzo wa jino mwenzake. Hapo ndipo unaigeuza mbele, nayo inaingia kwa ulaini. Usipouhisi ule mdondoko, meno yanapandana, na ukikaza kwa spana inakudanganya kwamba imekaa.

Nati tatu za mabomba mapya zilikuwa mahali pa wazi. Alizifunga kwa kuziangalia, polepole mno. Ya nne ilikuwa nyuma ya tangi, juu ya ekzosi, mahali pa mkono peke yake.

"Nikufungie hiyo?" shemeji aliuliza. "Mkono wangu mwembamba."

"Hebu toka hapa. Nilikuwa nazifunga hizi wewe hujajua hata kujifuta kamasi."

Akapenyeza mkono. Akazungusha kinyume, akasubiri. Hakuna kitu. Akazungusha tena, pumzi ameibana. Ilikuwa kama kumwita mtu katika nyumba iliyohamwa. Mara ya tatu akasikia kitu, au alitamani kusikia, akageuza mbele. Nati ikaenda mzunguko mmoja, ikawa nzito.

Nati mpya huwa nzito, alijiambia. Zote huwa nzito. Akachukua spana, akakaza.

Walijaza oili, wakawasha injini, wakaiacha ipate moto. Hakuna tone lililoanguka. Shemeji alipiga kofi bati la gari, akasema Vidole ni Vidole tu, na fundi akafurahi kweli, furaha ya mwizi aliyepishana na polisi.

Mshonaji akafika na binti yake mdogo aliyevaa sare ya shule. Gari lile mama huyo aliachiwa na baba yake, na siku hiyo alikuwa anampeleka mtoto bweni, safari ya kutwa nzima. Binti hakungoja kukaribishwa. Akajipenyeza hadi kwenye kiti kidogo cha nyuma, kile kinachokaa karibu kabisa na injini, akaanza kupigapiga visigino.

"Halivuji tena, kaka?" mshonaji aliuliza.

"Ngoja nilihakiki, dada."

Akapiga magoti nyuma ya gari, akapitisha mkono chini ya injini iliyokuwa ikinguruma ili apapase kama pana unyevu. Kwa mazoea akafumba macho. Harufu ndiyo iliyomzindua, harufu ya nywele zilizoungua. Akainama atazame. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeegemea ekzosi, kimetulia pale kama kilichopumzika, na ngozi yake imeanza kugeuka nyeupe.

Akakichomoa, akakifunga kwenye tambara. Hakuna aliyeona. Angeweza kusimama, akasema liko salama, nendeni kwa heri. Maneno yenyewe yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amebaki na wazo moja lisilomwachia pa kutokea: kama moto sikuuhisi, ile nati niliihisije? Mtoto alikuwa anampungia mkono kupitia kioo cha nyuma.

"Dada, mteremshe mtoto."

"Kuna nini?"

"Mteremshe tu, tafadhali. Na uzime injini." Kisha akageuka. "Shemeji. Njoo uikague ile niliyoifunga mimi."

"Leo jua limechomoza wapi?" Shemeji alikuja akicheka, akajifunga tambara mkononi, akaingia chini. Wakasikia spana ikigusa chuma. Wakasikia kicheko kikikoma. Alipotoka, nati ilikuwa kiganjani mwake, meno yake yamejaa unga wa alumini unaometa.

"Haikushika kitu," alisema kwa sauti ndogo. "Ingeng'oka kwenye kilima cha kwanza."

Halafu akamwona mshonaji anawatazama, akabadilika haraka. "Tumeuziwa bomba bovu, dada. Utusamehe sana. Safari ya leo haiwezekani."

Fundi alisimama kando na tambara lake. Uongo ule ulikuwa wa kumsitiri, na ndiyo sababu ulimchoma. Hivyo ndivyo watu wanavyowasitiri wazee waliojikojolea.

Mshonaji alimshika mtoto mkono. Hakuficha hasira. "Haya. Ila nati hizo azifunge Vidole mwenyewe. Sitaki mtu mwingine anigusie gari."

"Sawa, dada," shemeji alisema.

Walipoondoka, oili ilikuwa bado ikichuruzika kwenye karai, tundu la nati likiwa wazi.

"Tangu lini?" shemeji aliuliza, akilitazama tambara kwenye kidole cha fundi.

"Tangu mvua."

"Dada anajua?"

"Ndiye anayenifunga vifungo."

Shemeji akalifungua lile tambara, akakitazama kidole. Lengelenge lilikuwa limetuna. Akapumua kama mtu anayetua mzigo asioweza kuubeba zaidi. "Labda si vyote," alisema. "Labda kuna vilivyobaki. Kaa hapo. Fumba macho."

Fundi akaketi juu ya tairi, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Alikuwa anaogopa, lakini chini ya ile hofu kulikuwa na tumaini, jembamba, la aibu. Alisikia droo ikivutwa, vyuma vidogo vikigongana, viatu vya shemeji vikisogea. Halafu kimya.

Akangoja. Akaelekeza akili yake yote kwenye ncha za vidole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Weka basi," alisema.

Alisikia tu pumzi za shemeji karibu kabisa.

"Weka, bwana. Niko tayari."

Hapo akafumbua macho. Nati ndogo mpya zilikuwa zimekaa kwenye ncha za vidole vyake, moja kila kidole, na moja ilikuwa imekwisha kuanguka, inabingirika taratibu sakafuni kuelekea kwenye oili.