Sharubati ya Forosadi kwa Wazee wa Jaha

Kabla ya adhana ya adhuhuri ya Ijumaa ile, Itidal alikuwa amekwisha kukwangua maganda ya malimau kumi na manane, na mkebe wa buni ulikuwa bado umefungwa kwenye rafu. Mdogo wake Khawla alisimama mlangoni mwa jiko, mkoba ukiwa begani, akautazama mkebe, kisha bakuli, kisha uso wa dada yake.

"Dada, wanakuja baada ya alasiri. Hujakaanga hata punje moja."

"Sikaangi."

"Jaha ya wazee inaingia nyumbani, wewe unatengeneza sharubati?"

"Kuna joto," alisema Itidal. "Weka mkoba chini, unikamulie haya."

Khawla hakuuweka. Alijua, kama alivyojua kila mtu katika mji wa Salt, kwamba jaha, ule ujumbe wa wazee waombaji, hainyweshwi kitu ila kahawa. Wazee wakija na ombi, humiminiwa kahawa chungu, na mkubwa wao hukiweka kikombe mezani bila kukigusa kwa mdomo, ndipo aeleze walichojia. Mwenye nyumba akisema, "Kunyweni kahawa yenu," ombi limekubaliwa. Asiposema, kahawa hupoa, wageni huinuka, na nyumba hubaki na vikombe vilivyojaa, aibu ambayo majirani huisimulia hata kwa wajukuu.

Ombi la leo lilijulikana mji mzima. Baba yao alikuwa amefariki mwezi wa Machi, akaacha shamba katika Bonde la Shuaib: miti ya malimau kwenye matuta matatu yaliyojengewa mawe, miforosadi minne kandokando ya mfereji. Kwa sheria ya mirathi, nusu ilikuwa ya kaka yao Ghalib, na kila binti alikuwa na robo. Kwa desturi ya mtaa, mabinti huenda mahakamani wakatia sahihi kumwachia kaka, nao hupigiwa makofi kwa kuwa wana adabu. Mahakama hairuhusu jambo hilo kabla ya miezi mitatu ya msiba kutimia. Ilipotimia tu, Khawla alitia sahihi. Itidal hakutia. Ghalib alimwomba mara mbili kwa upole, mara ya tatu kwa sauti, na sasa alikuwa anamletea wazee.

"Ukiwanyima kahawa watasema umewatukana," alisema Khawla.

"Nikiwapa kahawa wataniwekea mezani kama bastola. Kwenye limau hawana sheria."

Itidal alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na alifanya kazi ya jikoni kwa mpangilio usiobadilika, kama mtu anayehesabu mishono. Aliyamwagia sukari maganda aliyoyakwangua, manjano matupu bila weupe ule wa ndani ulio mchungu, akaanza kuyasugua kwa ncha za vidole. Hakuharakisha. Sukari ilianza kulowa, ikageuka rangi ya kiini cha yai, na harufu ikapanda hadi Khawla akapiga chafya. Hapo ndipo Itidal alipolifunika bakuli kwa sahani na kuliacha lipumzike, kwa sababu sukari isiyopewa muda hunywa maji ya limau na kuacha mafuta ya ganda yakielea juu.

Kisha alizitoa forosadi. Alikuwa amezichuma mwenyewe mwezi wa Juni, ametandika shuka chini ya miti na kuyatikisa matawi kwa fimbo, akazigandisha kwa mifuko ya kilo moja moja. Sasa zilikuwa zimelainika kwenye chujio, zikidondosha maji meusi. Aliziponda kwa mgongo wa upawa, akatia chembe ya chumvi, akazikamua ndani ya kitambaa cheupe mpaka mikono ikawa ya zambarau hadi vifundoni.

"Hiyo rangi haitatoka kabla hawajafika," alisema Khawla, ambaye hatimaye alikuwa ameuweka mkoba na kuanza kukamua malimau.

"Isitoke. Taratibu hapo, usiliminye hadi ganda lilie. Likianza kukupinga, liache."

Khawla alikamua mawili. "Ghalib alinipeleka mahakamani kwa gari lake," alisema baadaye, bila kuulizwa. "Alikuwa mpole sana siku ile. Tulipotoka akaninunulia kitamutamu, kunafa."

"Robo ya shamba la baba kwa sahani ya kunafa."

"Sahani kubwa, dada," alisema Khawla, wakacheka wote wawili, ingawa Khawla aliacha kucheka mapema.

Itidal alimimina maji ya limau juu ya ile sukari, akakoroga mpaka chembe zote zikapotea, akachuja, akatia maji baridi, kisha forosadi kidogo kidogo, akionja kila mara kwa kijiko safi. Nanaa aliiweka mwisho kabisa, majani mazima aliyoyapiga kwa kiganja mara moja tu. Rangi iliyotokea kwenye majagi mawili ya kioo ilikuwa nyekundu nzito.

Walifika wanaume tisa, Ghalib akiwa mmoja wao. Kwa kawaida jaha hupokewa na mwanamume wa nyumba, lakini mwanamume wa nyumba hii aliketi upande wa waombaji, karibu na mlango, akizungusha funguo za gari kidoleni. Aliyewaongoza alikuwa ami yao, Haji Mifleh, mtu mrefu aliyevaa joho la kahawia juu ya kanzu ingawa feni ilikuwa inasukuma hewa ya moto tu. Kuliani kwake alikaa Abu Rakan, jirani mwenye miaka themanini na kitu, aliyekuwa amepanda ngazi mia na ishirini za mtaa ule kwa miguu yake na bado hajarudisha pumzi.

Itidal aliingia na sinia. Mazungumzo yalikatika. Wanaume tisa walizitazama bilauri nyekundu, barafu ikigongana ndani yake, kisha wakaitazama mikono iliyolishika sinia.

"Karibuni nyumbani kwetu," alisema, akaanza kugawa kwa mpangilio, kuanzia kwa aliye mkubwa. "Ni limau na forosadi."

"Kahawa iko wapi, mwanangu?" aliuliza Haji Mifleh.

"Imo mkebeni, ami."

Mmoja wa wazee alikohoa. Haji Mifleh alimtazama binti wa ndugu yake, na tabasamu dogo likampita usoni, tabasamu la mtu aliyeamua magomvi ya watu kwa miaka arobaini na kuona kila hila. Aliipokea bilauri kwa mkono wa kulia, akaiweka kwenye meza ya kioo mbele yake, polepole, mpaka kioo kikagonga kioo.

"Basi hii ndiyo kahawa yetu," alisema. "Nasi hatuinywi mpaka tupewe tulichojia."

Wengine wakaziweka zao chini, moja baada ya nyingine. Khawla, aliyekuwa akichungulia kutoka ukumbini, alifumba macho. Hila ya dada yake ilikuwa imeishi muda wa kugawa bilauri tisa.

Itidal alibaki amesimama katikati ya sebule na sinia tupu. Alikuwa amepanga siku nzima juu ya jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa limeondolewa kwa kidole kimoja. Angeweza kurudi jikoni. Ndivyo walivyomtarajia: arudi, anyamaze, Ghalib apige simu jioni. Badala yake alivuta kiti cha baba yake, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Machi, akakiweka mbele ya wazee, akaketi.

"Sema, ami. Nakusikiliza."

Haji Mifleh alimsifu marehemu, akaisifu nyumba, akasifu malezi. Alisema ardhi ya ukoo ni kama kitambaa, na ukikikata robo hakuna anayepata nguo. Alisema Ghalib ana wana wanne, na Itidal, Mungu ampe afya, ni mtu mmoja. "Hutapungukiwa. Nyumba ya kaka yako ni yako. Utakula anachokula, utavaa kama wanavyovaa watu wake."

"Kwa zamu au kila siku?" aliuliza Itidal.

"Dada, jibu kwa heshima," alisema Ghalib.

"Nauliza kwa heshima. Miaka kumi na tisa nimempikia baba, nimemwogesha, nimempeleka hospitali kwa teksi. Wewe ulikuwa unakuja Ijumaa, unakula, unaondoka na mfuko wa malimau. Sasa nataka kujua zamu yangu ya kula kwako itaangukia siku gani."

"Una mume wewe? Una mtoto?" Ghalib alikuwa ameacha kuzungusha funguo. "Unataka shamba la nini? Uwaachie nani?"

"Kwa sababu sina mume wala mtoto ndiyo nataka shamba."

Barafu zilikuwa zimeanza kuwa ndogo, na maji yalikuwa yakitiririka nje ya bilauri na kuchora duara mezani.

Itidal alisimama, akaenda kwenye jagi, akajimiminia bilauri yake mwenyewe. Akarudi kitini na kunywa mbele yao, wao wakiwa hawajanywa, jambo ambalo mwenye nyumba hafanyi mbele ya jaha, na wote walijua kwamba anajua.

"Ami," alisema, "mimi siwaambii kunyweni wala msinywe. Jibu langu ni hapana. Mkinywa ni hapana, mkiacha ni hapana. Robo hiyo sikuipanga mimi, na hakuipanga baba. Imepangwa kwenye Kitabu mnachokisoma kila Ijumaa, na leo mmetoka kukisoma. Kama kuna anayetaka kukisahihisha, aanze kwa sauti, nimsikie."

"Usituletee dini," alisema mzee mmoja wa upande wa dirisha.

"Basi nilete nini, mjomba? Nanaa?"

Ndipo lilipotokea kosa ambalo mtu wa mji ule tu ndiye angeweza kulifanya. Abu Rakan, ambaye alikuwa ameketi akimsikiliza kila mmoja huku midomo ikimkauka, alinyoosha mkono, akaichukua bilauri yake, akanywa. Mdomo wake ulikuwa umezoea kuzuiwa na kikombe kidogo kisicho na mkono. Bilauri ndefu yenye barafu haukuijua kuwa ni mtego. Alikuwa amefika nusu alipoona macho ya wenzake.

"Abu Rakan," alisema Haji Mifleh kwa sauti ya chini. "Umekunywa."

Mzee aliitazama bilauri kana kwamba mtu mwingine ameishika. Kisha akaitazama meza, na ami, na Ghalib.

"Nimekunywa," alikiri. "Nina kiu. Mmenipandisha ngazi mia na ishirini kuja kumwomba mwanamke alicho nacho." Akamalizia iliyobaki, akafuta masharubu. "Na msichana amesema jibu lake. Mnangoja nini, mvua?"

Mzee wa upande wa dirisha alicheka bila kukusudia, na alipokwisha kucheka alikuwa ameshaishika bilauri yake. Wa tatu alinywa kwa kisingizio kwamba kumwacha Abu Rakan peke yake si uungwana. Haji Mifleh alitazama jaha yake ikipungua, mtu mmoja baada ya mwingine, wala hakuinua sauti. Alipozungumza, alizungumza na Itidal peke yake.

"Hili ni neno lako la mwisho?"

"La kwanza na la mwisho, ami. Jumatatu naenda kuliandikisha fungu langu."

"Nitakayoyasema mjini hayatakupendeza."

"Sema. Anza na kwamba nilikukaribisha."

Haji Mifleh aliinuka, akalikunja joho lake. Hakunywa. Ghalib pia hakunywa. Alisimama mlangoni mpaka wazee wote wakatoka, kisha akasema, akiwa ametazama zulia, kwamba Itidal asije kumtafuta siku ya shida, na kwamba watoto wake hawatakuja tena katika nyumba hii.

"Mlango wangu watauona pale pale," alisema Itidal. "Wewe ndiye utakayewaeleza kwa nini."

Viatu vya Ghalib viliteremka ngazi. Khawla aliingia na kuanza kukusanya. Mezani palibaki bilauri mbili zilizojaa, barafu ikiwa imekwisha kabisa, nanaa imelala chini. Alizibeba kuelekea kwenye sinki, kwa sababu kinywaji kilichokataliwa na jaha humwagwa, wala mtu wa nyumba hakionji.

"Usimwage," alisema Itidal kutoka kitini.

"Dada, hivi haviny—"

"Nimesugua maganda kumi na manane. Nipe hiyo ya ami."

Akaipokea, akaanza kuinywa bila haraka. Khawla alibaki ameishika ya Ghalib. Jirani wa ng'ambo alikuwa ametoka kibarazani, na mapazia yalikuwa wazi. Khawla aliyatazama mapazia. Hakuyafunga. Akainua bilauri, akanywa hadi nusu, akakunja uso.

"Imezidi limau," alisema.

"Haijazidi," alisema Itidal.